Mguu wa Eunike

Eunike alikuwa ametimiza miaka hamsini na mbili alipokaa kwa mara ya kwanza kwenye kiti cha dereva. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kutembea. Kazi yake ilikuwa uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mrija, na kwa miaka ishirini na mitatu alivipanda na kuvishuka vijiji vya Old Moshi akiwa na mtungi wake wa mbegu, kwanza kwa miguu, baadaye kwa bodaboda. Mtungi ule haubebwi hovyo. Ndani yake mna naitrojeni ya maji, baridi yake inaunguza ngozi, na mtungi ukilala ubavu naitrojeni inamwagika na mbegu zote zinakufa. Watu wa Kidia walizoea kumwona nyuma ya pikipiki, mtungi ameupakata, anamkemea dereva kila penye shimo. Wengi hawakulijua hata jina lake. Walimwita Mama Mbegu.

Gari alilileta binti yake, Kindness, anayefanya kazi Dodoma. Lilikuwa gari dogo la Kijapani, la milango mitatu na gia za mkono, la mwaka 1996, rangi ya kijani iliyopauka kwenye boneti. "Mama, pikipiki basi," alisema, akamkabidhi ufunguo mbele ya baba yake.

Huyo baba, Godlove, alikuwa ameendesha malori kwa miaka thelathini kati ya Moshi na mpakani Holili, mpaka mgongo ukakataa. Ndiye aliyemfundisha mkewe. Kila jioni walikwenda kwenye uwanja wa shule, yeye kiti cha kushoto, Eunike nyuma ya usukani, wakizunguka magoli mawili ya mpira mpaka giza linaingia. Hakupaza sauti hata siku moja. Eunike alilikumbuka hilo baadaye, mambo yalipoharibika, akaona ingekuwa afadhali kama Godlove angekuwa mkali. Mkali unaweza kumjibu.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Eunike alifunga mtungi kwa mikanda kwenye kiti cha nyuma, akafika kwa wafugaji ambao zamani aliwafikia kwa kuchelewa au hakuwafikia kabisa. Mwezi Machi wa mwaka wa pili alilipeleka gari mjini kwa fundi mmoja, likabadilishwa mafuta, likasafishwa injini kila kona, akarudi nalo linang'aa chini ya boneti. Wiki mbili baadaye likaanza kuzima.

Mara ya kwanza ilikuwa anashuka kutoka Kidia kwenda Kiboroloni, mahali ambapo barabara inakata kulia ghafla na mfereji wa maji unapita ukingoni. Alitoa mguu kwenye mafuta, akakanyaga klachi ili apunguze gia, na injini ikanyamaza. Hakikusikika kishindo wala kikohozi. Usukani ukawa mzito, breki ikakubali mara mbili tu kisha ikagoma kama jiwe. Eunike akalivuta gari upande wa mlima kwa nguvu zake zote, tairi la mbele likatumbukia mferejini, likasimama. Hatua chache mbele yake walikuwepo wanawake watatu waliobeba majani ya ng'ombe vichwani. Wote watatu walikuwa wamesimama, wamemkodolea macho.

Vijana wa bodaboda walikuja kumtoa. Mmoja, huku anasukuma, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama Mbegu, gari halipandishwi kwa mrija!" Watu wakacheka. Eunike naye akacheka, maana angefanya nini. Lakini usiku ule kila alipofumba macho aliwaona wale wanawake watatu.

Kesho yake Godlove akalichukua gari mwenyewe. Akashuka nalo mpaka Kiboroloni, akapanda, akashuka tena. Halikuzima. Akaegesha chini ya migomba, akaja kukaa karibu na mkewe kwenye baraza.

"Gari ni zima," alisema kwa upole. "Ni mguu tu, Mama Kindness. Unaachia klachi haraka. Utazoea."

"Nimeendesha mwaka mzima, Baba Kindness. Sikuwa nimezoea?"

"Wakati mwingine mtu akishazoea ndipo anaanza kusahau."

Basi Eunike akaanza kuuchunga mguu wake. Alipokuwa peke yake uani, alikaa kwenye kiti cha jikoni akafanya zoezi la kuachia klachi, taratibu, kisigino chini, vidole juu. Gari likaendelea kuzima. Lilimzimia kwenye njia panda ya Kiboroloni siku ya soko, nyuma yake magari yakapiga honi mpaka askari akaja kuuliza kama mama anaumwa. Lilimzimia mbele ya geti la kanisa ibada inapotoka. Godlove alipoendesha, halikuzima. Akipanda yeye, linazima.

Walilipeleka kwa mafundi watatu. Wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alisema ni pampu ya mafuta, akaibadilisha. Kila mmoja aliwasha gari, akakanyaga mafuta, injini ikanguruma vizuri, akafunga boneti. Wa tatu hakubadilisha kitu. Alizunguka nalo mtaa mmoja, akarudi akifuta mikono, akamwambia Godlove, si Eunike aliyekuwa amesimama pale pale na pochi yake mkononi:

"Mzee, gari haina shida. Shida ni dereva."

Godlove hakujibu kitu. Eunike alimsubiri ajibu. Walirudi nyumbani wakizungumza habari za mvua.

Tangu siku hiyo Eunike akaacha kuendesha. Hakutangaza. Alianza tu kuwapigia tena watu wa bodaboda, na simu ikiingia kutoka vijiji vya juu kabisa, aliiangalia ikilia kabla ya kuipokea. Zamani hakuwa hivyo. Ng'ombe akiingia joto hamsubiri mtu. Una saa chache za kumpandisha, ukizikosa unangoja wiki tatu nyingine. Mwezi Mei, mvua zikiwa zimeshika na barabara zimekuwa utelezi, alizikosa saa za ng'ombe wa Ruth, mjane anayeishi juu karibu na msitu, mwenye ng'ombe huyo mmoja tu. Hakuna pikipiki iliyokubali kupanda. Baada ya wiki tatu Ruth akapiga tena, na Eunike akafika jioni, amelowa mpaka mifupa, amechelewa tena.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatatu, wakiwa mezani, Godlove akasema kuna mtu wa Tarakea ameuliza habari za gari. Angependa kuja kuliona Jumamosi.

"Si kwamba nalazimisha," alisema. "Ila naogopa, mke wangu. Ukishuka na hilo gari sipumui mpaka urudi."

Eunike alitikisa kichwa kukubali. Akatoka kwenda kukamua, akakaa kwenye kigoda muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Kilichomuuma zaidi si gari. Alikuwa ameanza kuamini. Alianza kuiona mikono yake ikikosea hata mahali ambapo haikukosea, akihesabu mirija mara mbili, akirudia kusoma namba za mbegu ambazo angezitaja akiwa usingizini. Mtu akiambiwa mguu wake umeharibika, haishii mguuni.

Siku iliyofuata Ruth alikuja nyumbani kwake na mkungu mdogo wa ndizi. Eunike akadhani amekuja kulalamika, akawahi kuomba radhi. Ruth akamkatiza.

"Nimekuja kwa sababu ya gari, si ng'ombe. Nasikia mnataka kuliuza. Nina shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anaitwa Eliaichi. Yuko Rau, anatengeneza umeme wa magari tangu enzi hizo. Mpelekee alione kabla halijauzwa."

"Kwani shida ni umeme?"

"Mimi nitajuaje? Ila yule ni mtu wa kusikiliza. Wengine wote ulioniambia habari zao, sijasikia hata mmoja aliyekuuliza swali."

Maneno hayo yalimkaa Eunike kichwani. Alhamisi, alfajiri, kabla Godlove hajamaliza chai, akachukua ufunguo.

"Nakwenda Rau. Kama ni kuuza, tuuze tukijua tunauza nini."

Godlove akaanza kuinuka. "Nikupeleke."

"Hapana, Baba Kindness. Nitakwenda mwenyewe."

Alishuka polepole, taa za hatari zikiwaka njia nzima. Kwenye ile kona ya mfereji halikuzima, injini ilikuwa bado ya baridi. Kufika Kiboroloni likazima. Akaliwasha. Kabla ya kuingia Rau likazima tena. Alipofika, blauzi yake ilikuwa imelowa mgongoni kama amelima.

Gereji ya Eliaichi ilikuwa banda la mabati mwisho wa nyumba, pale miti ya msitu wa Rau inapoanza. Mwenyewe alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mwembamba, kofia ya sufu kichwani, miwani imefungwa kwa kamba nyuma ya masikio. Alikuwa anakunywa uji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Wewe ndiye wa ng'ombe wa Ruth?"

"Ndiye mimi."

"Ameniambia." Akaweka kikombe chini. Hakuisogelea boneti. Alivuta kigoda cha pili akampa, naye akakaa. "Haya. Gari inazima lini?"

Eunike hakuelewa. "Inazima… ikiwa njiani."

"Najua. Nauliza lini. Ikiwa ya baridi au ya moto? Unapanda au unashuka? Mguu uko wapi?"

Miezi mitatu hakuna aliyemuuliza hivyo. Eunike akafungua pochi, akatoa daftari lake la kazi. Ndani yake aliandika kila ng'ombe aliyemhudumia, siku, saa, dalili alizoziona, maana mnyama hasemi na kumbukumbu ya mtu hudanganya. Akaligeuza akafungua kwa nyuma. Tangu mwezi wa nne, kwa mazoea tu, alikuwa akiandika na gari. Hakuwa amemwonyesha mtu. Aliona haya, kama mtu anayeandika makosa yake mwenyewe.

Eliaichi akalipokea, akashusha miwani, akasoma kwa kidole mstari kwa mstari. Mara thelathini na moja. Saa, mahali, gia, mvua au jua.

"Asubuhi haizimi," alisema baada ya muda.

"Asubuhi hata siku moja. Mpaka ipate moto."

"Na ikizima, kila mara umetoka kuachia mafuta."

"Kila mara. Nikishakanyaga klachi."

"Haizimi ukiwa umekanyaga mafuta."

"Haijawahi."

Mzee akafunga daftari, akaligonga gonga gotini. "Mumeo akiendesha?"

Eunike akaangalia chini. "Kwake haizimi. Ndiyo maana wanasema ni mguu wangu."

"Mumeo aliendesha nini?"

"Malori. Miaka thelathini."

Eliaichi akacheka kicheko kifupi cha puani. "Yale malori ya zamani, gia zilikuwa haziingii mpaka uzibembeleze. Unatoa gia, unapiga mafuta kidogo, ndipo unaingiza nyingine. Je, hafanyi hivyo mpaka leo?"

Eunike akamwona Godlove machoni pake. Kila kona, kila gia, kile kigurumo kidogo cha injini katikati. Hata akisimama njia panda, mguu wake wa kulia hautulii, unachezea mafuta. Alikuwa amekisikia kigurumo kile miaka yote ya ndoa yao na hakuwahi kukifikiria.

"Anafanya," alisema. "Daima."

"Basi kwake injini haijaachwa peke yake hata sekunde moja. Wewe unaiachia kama ulivyofundishwa, nayo inakufa. Njoo tuone ni nini kinaiua."

Akafungua boneti. Alimwonyesha mahali hewa inapoingilia injini, na kijimlango cha ndani kinachofunguka mguu ukikanyaga na kufunga mguu ukiachia. Ubavuni mwa kijimlango kile palikuwa na kikopo cheusi cha plastiki, kidogo kama kiberiti, kimeshikwa kwa skrubu mbili, waya zinatoka nyuma yake.

"Hiki ni sensa ya throto. Kazi yake kuiambia kompyuta mlango umefunguka kiasi gani. Ukiachia mguu, chenyewe kinasema: dereva ameachia, ishike injini isizime. Sasa mimi nadhani chako kinasema uongo. Mlango umefunga, chenyewe kinasema bado umekanyaga kidogo. Kompyuta inaamini wewe ndiye uliyeishika injini. Wewe unaamini kompyuta ndiyo imeishika. Hakuna aliyeishika."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, kuna kijinjia kingine cha hewa kinachoisaidia ikimbie. Ikipata moto kinajifunga. Hapo ndipo uongo unapoonekana." Akainama karibu. "Ona hizi skrubu."

Vichwa vya skrubu vilikuwa vimechubuka, vinameta. Mtu alikuwa amevifungua kwa bisibisi isiyolingana navyo. Eunike akakumbuka Machi, gari linang'aa chini ya boneti.

"Aliitoa ili aoshe," Eliaichi alisema. "Akairudisha kwa macho. Haya matundu ni marefu kidogo, unaweza kuizungusha huku au huku. Hairudishwi kwa macho hii. Inarudishwa kwa mita."

Akaleta maltimita kuukuu, kipimio chake cha umeme, akachomeka pini zake mbili nyuma ya waya, akamwambia Eunike awashe swichi bila kuwasha injini kisha aje asome.

"Volti sifuri nukta tisa mbili."

"Inatakiwa nukta tano, hapo hapo. Ona ilivyo mbali."

Alilegeza skrubu. Ndipo Eunike akaona kwamba mikono ya mzee inatetemeka. Si sana, ila kwa kazi ile ilikuwa imezidi. Kikopo kilikuwa kinahitaji kusogezwa kiasi cha unene wa ukucha, naye kila alipokisogeza namba ziliruka: nukta saba, nukta tatu, nukta nane. Akajaribu mara nne. Akasimama wima, akaitazama mikono yake kwa hasira kidogo.

"Miaka mitano iliyopita hii kazi ingekuwa imeisha. Mama, wewe unapitishaje ule mrija wako?"

"Taratibu. Kwa vidole, si kwa mkono."

"Basi shika wewe. Mimi nitasoma."

Eunike akakunja mikono ya blauzi. Akainama juu ya injini yenye moto, akashika kikopo kwa vidole viwili na gumba, na mara mwili wake ukatulia, kama unavyotulia kila anapokuwa kazini. Hii aliijua. Kusogeza kitu usichokiona ndani yake, kwa kiasi kidogo mno, na kusikiliza kwa vidole.

"Nukta saba," mzee akasoma. "Nukta sita. Endelea. Tano na nusu. Tano. Hapo! Usipumue."

Akakaza skrubu. Namba ikahama ikawa nukta tano nane. Wakalegeza, wakarudia. Mara ya tatu Eunike alikirudisha nyuma kidogo kabla hajakaza, kwa kukisia kitakavyovutwa, na skrubu ilipokaza namba ikaja kutua nukta tano yenyewe.

"Aa," Eliaichi akasema. "Umeielewa."

Haikuwa imekwisha. Mzee alileta fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi vilivyopangwa kama kurasa. Akahamisha pini za mita, akaingiza kibati chembamba kwenye wenzo wa mlango ule wa hewa. Mita ikalia. Akaingiza kinene zaidi. Mita ikanyamaza. "Ndivyo inavyotakiwa," alisema. "Mlango ukifunga, inajua umefunga. Ukifunguka kidogo tu, inajua umefunguka. Sasa washa."

Eunike akakaa kwenye kiti, akawasha. Injini ikakamata. Ikatulia kwenye ule mlio wa chini, wa injini iliyoachwa yenyewe, ambao mafundi huuita sailensi.

"Kanyaga mafuta. Achia."

Akakanyaga, akaachia ghafla. Mlio ukashuka, ukashuka, na Eunike akakaza mabega kwa kuungoja ule ukimya. Haukuja. Injini ilifika chini, ikajishika, ikabaki hapo inanguruma taratibu.

"Tena."

Aliirudia mara kumi. Mara ya kumi na moja hakuambiwa, aliifanya mwenyewe.

"Twende konani kwako," mzee alisema, akivua koti la kazi. "Mimi siamini gari mpaka niipande."

Walipanda mpaka Kidia, wakageuza, wakaanza kushuka. Injini ilikuwa ya moto sasa, mshale umefika mahali pake. Kona ikaja. Mikono ya Eunike ilikuwa imeshika usukani kwa nguvu isiyo ya lazima. Akatoa mguu kwenye mafuta. Akakanyaga klachi, akapunguza gia, akaachia. Gari likakata kulia, mfereji ukapita dirishani maji yake yanameta, na mbele barabara ikafunguka, nyeupe kwa jua, mpaka chini kwenye miti ya bondeni.

Akaegesha pembeni. Akaweka paji la uso kwenye usukani. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na hakujali kwamba mtu asiyemjua amekaa karibu naye.

"Haikuwa mimi," alisema.

"Haikuwa wewe," Eliaichi alijibu. Akasubiri mpaka amalize kufuta macho kwa upande wa kitenge. "Ila klachi unaikanyaga mapema mno. Kabla hata ya breki. Hiyo ni yako."

Eunike akacheka kwa sauti. Hakuwa amewahi kufurahia kukosolewa hivyo maishani mwake. Kosa moja, dogo, linalorekebishika, lenye jina. Hilo angeweza kulibeba.

Alimrudisha mzee Rau, akafika nyumbani saa saba mchana. Godlove alikuwa amesimama getini, na kwa jinsi majani yalivyokanyagwa pale, alikuwa amesimama muda. Eunike hakuzima gari. Alishuka akaliacha linanguruma lenyewe, mlango wazi, akamwendea.

"Sikiliza," alisema.

Godlove akasikiliza. Alikuwa mtu wa injini, hakuhitaji kuelezwa mengi. Lakini Eunike akamweleza yote: skrubu zilizochubuka, namba kwenye mita, mlango wa hewa. Alipofika kwenye malori ya zamani na mguu unaopiga mafuta katikati ya gia, Godlove akautazama mguu wake wa kulia kama anaona kiatu kipya.

"Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nalificha tatizo," alisema.

"Hukujua."

"Nilikuambia ni mguu wako." Akaligeukia gari linalonguruma. "Na yule fundi aliposema shida ni dereva, nikanyamaza."

"Ulinyamaza."

"Hata wewe ulijua kwamba nimesikia."

"Nilikungoja useme kitu, Baba Kindness. Njia nzima mpaka nyumbani."

Godlove akavua kofia yake. Hakuwa mwepesi wa maneno ya namna hiyo, na ilimchukua muda kuyapata. "Nisamehe, mke wangu. Ningekuuliza tu unavyoachia mafuta, yote haya yasingekuwepo."

Eunike hakumwambia kwamba si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Alimshika mkono akaubana, akaingia ndani kutafuta chakula, maana hakuwa amekula tangu alfajiri na sasa njaa ilikuwa imerudi kwa vishindo. Alipokuwa anapakua ndizi za machalari alimsikia mumewe uani akizungumza na simu. "Hapana, ndugu yangu, usije. Haliuzwi. Ni la mke wangu, anafanyia kazi."

Jumapili alfajiri simu ya Ruth ikaingia, na Eunike akaipokea kabla haijalia mara ya pili. Ng'ombe alikuwa ameanza kulia tangu saa kumi usiku. Godlove akasema anakwenda naye, kushika mkia tu, kama atahitajika. Walipanda kwenye ukungu, matope yanaruka, mtungi umefungwa nyuma kwa mikanda, wakafika ng'ombe bado yuko kwenye joto kamili. Eunike alifanya kazi yake kwa dakika chache. Ruth akawawekea kiburu cha moto, ndizi zilizopondwa na maharage, pamoja na chai ya maziwa, akataka kusikia habari za Rau tangu mwanzo, na Godlove ndiye aliyezisimulia, hata zile zilizomhusu yeye vibaya.

Kulikuwa kumekucha kabisa walipoanza kushuka, na kengele za kanisa zilikuwa zinaita ibada ya kwanza. Godlove alikuwa na tabia moja ambayo watoto wake walimtania nayo: hakuweza kulala ndani ya gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Hata kwenye basi la Dodoma, saa zote zile, alikaa macho wazi, akisaidia kukanyaga breki ambayo haikuwepo. Eunike alikuwa anamweleza kwamba wiki tatu zikipita bila ng'ombe kurudi joto ndipo watajua kama ameshika mimba, akaona hajibiwi. Akageuza macho. Kichwa cha mumewe kilikuwa kimelala kwenye kioo, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea mapajani.

Eunike akakata kona ya kwanza, halafu ya pili, breki kwanza, klachi baadaye, akaendelea kushuka naye taratibu kuelekea nyumbani.